Susto, miedo, medo au espanto? Kuchagua neno la woga katika Kihispania na Kireno

Mtu akikutokea ghafla nyuma ya mlango, ukiwa Madrid utasema ¡qué susto! na ukiwa Lisbon utasema que susto! Herufi ni zilezile na maana ni ileile. Kinachotofautiana ni sauti. Mhispania hulitamka susto kama sisi tunavyolisoma. Mreno wa Lisbon hutoa kitu kama "sushtu", na watu wa Rio de Janeiro husikika hivyohivyo, ilhali wa São Paulo husema "sustu".

Mswahili anayejifunza lugha mojawapo kati ya hizi mbili hulishika neno hili mapema, kwa sababu sikio lake husikia ndani yake stuka, au shtuka. Undugu haupo, ni kufanana kwa bahati tu. Lakini kama kamba ya kukumbukia inatosha, na maana haikupotezi: susto ni mshtuko.

Shida huanza pale kamusi ndogo zinapokupa "hofu" kwa kila kitu. Susto, hofu. Miedo, hofu. Espanto, hofu. Pavor, temor, terror, zote hofu. Nimesahihisha tafsiri ambamo bibi aliyedondosha sufuria kwa mshtuko aligeuka kuwa mtu anayeishi kwa hofu, na hadithi nzima ikabadilika. Maneno haya hayabadilishani viti. Mabaya zaidi ni kwamba baadhi yake yanasema jambo moja upande wa Hispania na jambo jingine ukivuka mpaka kuingia Ureno.

Mshtuko na hofu: jiulize limechukua muda gani

Kwa susto na miedo (Kireno medo), uliza muda. Susto ni la papo hapo: moyo unapiga paa, unaruka, kisha unagundua ni paka tu, mnacheka. Miedo ni hofu inayokaa. Unalala nayo na kuamka nayo. Mtoto anayelia kwa sababu radi imepiga sasa hivi amepata susto. Mtoto anayekataa kulala peke yake tangu mvua zianze ana miedo. Kiswahili kimezitenga hali hizi mbili tangu zamani, shtuka kwake na ogopa kwake, kwa hiyo hapa mzungumzaji wetu ana faida. Asiitupe kwa kufuata kamusi.

Susto linahesabika pia, kama mshtuko unavyohesabika. "Leo nimeshtuka mara tatu" ni hoy me he llevado tres sustos. Miedo hupimwa kwa wingi: mucho miedo, muito medo, hofu kubwa, hofu tele. Na mtu ambaye nyumbani kwake hakupiti siku bila kituko, Mhispania husema no gana para sustos, yaani kipato chake hakitoshi kulipia mishtuko yote inayomjia.

Vitenzi navyo vinasaidia kuchagua. Hofu unakuwa nayo: tengo miedo kwa Kihispania, tenho medo kwa Kireno. Kireno kina njia ya pili inayotufaa sana, estou com medo, neno kwa neno "niko na hofu". Ukikumbuka kwamba "nina" yetu ni "mimi pamoja na", utaona kwamba Mreno na Mswahili hapa wamejenga sentensi kwa mchoro mmoja. Wanafunzi wa Kireno wanaolazimisha tenho kila mahali wanajinyima sentensi ambayo wangeisema bila kufikiri.

Susto hupewa, na aliyepewa hulibeba. Dar un susto, dar um susto, ni kumshtua mtu. Llevarse un susto kwa Kihispania na levar um susto kwa Kireno ni kushtuka, na kitenzi chenyewe ni cha kuchukua au kubeba, kana kwamba umeondoka na mshtuko wako mkononi. Huko Ureno wanasema pia apanhar um susto, kwa kitenzi cha kuokota na kudaka. Na anayekushtua kwa makusudi anapiga pregar um susto, kitenzi kilekile cha kupigilia msumari. Brazil hupenda tomar um susto. Anayevuka Ruvuma kwenda Msumbiji ashike apanhar na pregar, maana Kireno cha shuleni huko kinafuata mkondo wa Ureno zaidi kuliko wa Brazil.

Ziweke sentensi kando kwa kando uone:

"Umenishtua!" Mhispania wa Madrid: ¡Qué susto me has dado! Wa Meksiko: ¡Me asustaste! Mreno: Pregaste-me um susto! Mbrazili: Você me deu um susto!

"Nusura nife kwa mshtuko." Casi me muero del susto. Quase morri de susto.

"Naogopa giza." Me da miedo la oscuridad. Tenho medo do escuro.

Jihadhari na kitenzi kilichozaliwa na susto: asustar kwa Kihispania, assustar kwa Kireno (s mbili, kwa kuwa s moja katikati ya irabu Mreno huisoma z). Jina ni jembamba, kitenzi ni kipana. Me asusta el futuro maana yake yajayo yananitia hofu, na hakuna aliyeruka wala kudondosha kitu. Ukikutana na kitenzi hiki, usikimbilie "shtua" kabla hujaona kinachomtisha mtu ni tukio au ni wazo.

Neno lenye ukoo na neno lisilo na wazazi

Miedo na medo ni ndugu wa baba mmoja, na baba ni Kilatini metus. Njia waliyopita ni barabara inayojulikana: t iliyo katikati ya irabu ililainika ikawa d, kama vita ya Kilatini ilivyokuwa vida, uhai, katika lugha zote mbili. Kisha Kihispania kikaipasua e ile fupi ikawa ie, Kireno kikaiacha. Ndiyo maana jiwe ni piedra kwa Kihispania na pedra kwa Kireno, ardhi ni tierra na terra, asali ni miel na mel. Ukiijua kanuni hii moja, miedo na medo hayakuchanganyi tena, na maneno mengine mengi yanajifungua yenyewe.

Susto halina barabara ya namna hiyo. Kifaransa hakina ndugu yake. Neno lao la hofu, peur, linatoka katika Kilatini pavor. Waitalia wana spavento. Susto ni la Kihispania, Kireno na Kigalisia (lugha ya kaskazini-magharibi mwa Hispania), na kamusi za asili ya maneno huliwekea alama ya shaka. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba ni neno lililoumbwa na hisia yenyewe, kwa sauti, bila kupitia Kilatini. Mimi naliamini hilo. Litamke polepole: pumzi inavutwa kwenye s, inakatwa ghafla kwenye t. Mtu aliyeshtuka hufanya hivyohivyo kabla hajapata neno lolote.

Nimejiuliza pia kwa nini Wareno, waliofika pwani yetu 1498, wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu Mombasa 1593 na kunyang'anywa na Waomani 1698, hawakutuachia hata neno moja la woga. Walituachia meza, bendera, leso, mvinyo, karata, foronya, parafujo. Ni vitu vya kushika. Vya moyoni tulivichukua kwa Waarabu, hofu na fadhaa na taharuki, na vilivyobaki vilikuwa vyetu tayari. Karne mbili za mizinga hazikutuletea susto. Mshtuko tulikuwa nao, na jina lake tulikuwa nalo.

Espanto, neno linalobadilika ukivuka mpaka

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Espanto limetokana na kitenzi espantar, kilichotoka katika Kilatini cha mitaani, kitenzi ambacho wataalamu hukiandika expaventare, chenye pavere, kuogopa, ndani yake. Kiitalia spaventare na Kifaransa épouvanter ni ndugu zake. Katika Kihispania na Kireno kitenzi kina kazi moja ya shambani inayofanana kabisa, kufukuza ndege na wanyama: sanamu la kuwinga ndege ni espantapájaros kwa Kihispania na espantalho kwa Kireno. Mpaka hapo ni amani.

Lakini jina lenyewe liligawanyika. Kwa Mhispania, espanto ni woga mkubwa unaochanganyika na uchungu au karaha, kile unachokipata mbele ya ajali mbaya. Katika nchi nyingi za Amerika zinazosema Kihispania, un espanto ni mzuka, kitu kinachotembea usiku. Kwa Mreno na Mbrazili, espanto kwa kawaida ni mshangao. Para meu espanto, ele aceitou: kwa mshangao wangu, alikubali. Hakuna aliyeogopa.

Kivumishi kinauma zaidi. Mtangazaji wa Lisbon akisema um golo espantoso, bao hilo ni la kukufanya usimame kitini. Mtangazaji wa Madrid akisema un gol espantoso, amelidharau, ni bao baya la kuchukiza macho. Fikiria unamsifia mwenyeji wa Sevilla kwa chakula chake kwa Kireno ulichojifunza Maputo, ukiamini lugha ni zilezile, unasema espantoso. Umemwambia chakula hakiliki.

Mswahili anaweza kuielewa safari hii kutoka woga hadi sifa bila shida, kwa sababu vijana wetu wameipita. "Jamaa anatisha!" "Leo umetisha!" Hakuna hofu hapo, ni sifa tupu. Hispania wenyewe wana njia kama hiyo kwa miedo: lo pasamos de miedo maana yake tulistarehe sana. Kwa hiyo espantoso la Kireno ni "linatisha" la sifa, na espantoso la Kihispania ni "linatisha" la kweli. Ukilikumbuka hivyo, hulisahau.

Ushauri wangu kwa anayejifunza: kwa Kihispania, espanto lisome ukilikuta, ila usiwe na haraka ya kulitumia, maana lina uzito wa maiti na vita. Kwa Kireno litumie bila woga kwa mshangao. Na anayetafsiri asikubali kuandika "hofu" wala "mshangao" kabla hajauliza maandishi yametoka nchi gani.

Farasi na kivuli chake

Asombro la Kihispania na assombro la Kireno yanafuata njia ya karibu na hiyo. Ndani yake mna sombra, kivuli. Asombrar kilikuwa kitenzi cha kutishika kwa kivuli, kama farasi anavyoruka pembeni akiona kivuli njiani. Kutoka kutishika likafika kushangaa, na leo lugha zote mbili hulitumia kwa mshangao mkubwa. Sisi tunamjua huyo farasi kwa jina jingine: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wahispania wanasema paka aliyeunguzwa hukimbia hata maji baridi, gato escaldado, del agua fría huye, na Wareno gato escaldado de água fria tem medo. Angalia Wareno walivyochagua: medo, si susto. Paka yule hofu imeshamkaa.

Lakini Kireno kilibakiza giza la lile neno la kale pembeni. Casa assombrada ni nyumba yenye mizuka, na assombração ni mzuka wenyewe. Kihispania hakisemi hivyo; una casa asombrada itasikika kama nyumba iliyopigwa na butwaa. Mhispania husema casa encantada au embrujada. Kwa hiyo mzuka wa Bogotá, Colombia, ni espanto, mzuka wa Bahia, Brazil, ni assombração, na kila mmoja jina la mwenzake kwake linamkumbusha mshangao. Sijui mfano mwingine mzuri kuliko huu wa kumfundishia mtu kwamba ndugu hawa wawili wana nyumba tofauti.

Kuna jambo limenigusa katika haya yote. Wagiriki wa kale, Plato na baada yake Aristotle, walisema falsafa huanza na mshangao. Anayeyaeleza hayo kwa Kireno mara nyingi huandika espanto, na kwa Kihispania asombro. Maneno yote mawili yalianza maisha yakiwa woga, moja la mnyama anayefukuzwa shambani, jingine la farasi barabarani. Kiswahili hapo huandika "mshangao" na kupita.

Mengine nayataja kwa kifupi. Pavor na terror yanaandikwa sawa na kumaanisha sawa pande zote mbili: hofu kuu, ya kugandisha damu. Pánico, Kireno pânico, latoka kwa Pan, mungu wa wachungaji wa Kigiriki mwenye miguu ya mbuzi, na ni hofu ya kundi linalotimka. Kiwewe chetu kinalifaa. Sobresalto, Kireno sobressalto, ni "ruko la juu", ndugu wa susto aliyevaa suti, wa magazetini na riwayani kuliko wa jikoni. Temor ni la heshima. Temor de Dios si kumwogopa Mungu kama simba, ni kumcha Mungu, na Kiswahili kina bahati ya kuwa na kitenzi chake maalumu.

Susto lisilokwisha

Nilisema susto ni la papo hapo. Kuna mahali kanuni hiyo inavunjika, na anayefanya kazi ya ukalimani hospitalini au na wahamiaji lazima apajue.

Kuanzia Meksiko hadi milima ya Andes, susto ni ugonjwa. Mtu ameanguka mtoni, ameshuhudia ajali, mbwa amemrukia. Roho yake, kwa imani ya wenyeji, imeng'oka na kubaki palepale aliposhtukia. Mwili unarudi nyumbani bila mwenyewe. Hali vizuri, halali vizuri au analala kupita kiasi, ana huzuni, hana hamu ya kazi, mikono na miguu inapoa, tumbo linauma. Dalili zinaweza kuanza siku chache baada ya tukio, au miaka. Kuna wanaouita ugonjwa huohuo espanto.

Tiba yake ni kuirudisha roho. Meksiko, curandera, yaani mganga wa kienyeji wa kike, hupangusa mwili kwa majani yenye harufu kali, hupitisha yai la kuku juu ya mgonjwa kisha hulipasua kwenye glasi ya maji na kusoma umbo lake, huku akiliita jina la mgonjwa ili roho isikie. Andes huita roho ya mtoto kwa kutumia nguo yake, na kuna wanaompitisha mwilini mnyama mdogo aitwaye cuy ili kuujua ugonjwa. Brazil, benzedeira, mwanamke anayeponya kwa sala, humwombea mtoto aliyepatwa na susto kwa sala na tawi la mmea, kama anavyomwombea aliyepigwa jicho.

Madaktari hawakulipuuza. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliingiza neno susto katika mwongozo wake wa kutambua magonjwa, toleo la 1994, na limo pia katika toleo la 2013, likiwa halijatafsiriwa, kwenye orodha fupi ambamo limo pia neno la Kibantu, kufungisisa la Kishona, lugha ya Zimbabwe, yaani kuwaza kupita kiasi. Kabla ya hapo, 1984, Arthur Rubel na wenzake walichapisha utafiti wao wa Oaxaca, Meksiko: watu waliokuwa na susto walikutwa na maradhi ya mwili zaidi kuliko majirani zao wasio nalo, na miaka saba baadaye waliokufa miongoni mwao walikuwa wengi zaidi. Kwa hiyo anayesema nina susto hazungumzi upuuzi, hata kama hukubaliani na habari ya roho iliyobaki mtoni.

Tafsiri inakuwaje basi? "Mshtuko" peke yake ni hatari, kwa sababu katika karatasi ya hospitali msomaji ataliunganisha na mshtuko wa moyo, na mgonjwa atapelekwa kwenye chumba kisicho chake. "Hofu" linapoteza tukio lililoanzisha yote. "Wasiwasi" linapoteza mwili. Mimi ningeliacha susto lilivyo, kama mwongozo ule ulivyoliacha, na kuongeza maneno machache: ugonjwa wa kushtuka, unaoaminika kuiondoa roho mwilini.

Kabla ya kuandika hivyo, mkalimani aulize swali moja. Mama amesema el niño está asustado. Tangu lini? Akijibu sasa hivi, ameogopa sindano, andika mtoto ameshtuka na umtulize. Akijibu tangu mwaka jana alipotumbukia mtoni, weka kalamu chini, mpe kiti, na umwache aeleze mto huo uko wapi.